Daftari la chakula nimelichana baada ya sendofu, nianze tena au niache?

Shikamoo shangazi,

Naomba usinichoke maana barua ndefu kidogo. Mi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 39, naishi Tabata na kazi yangu ni kukaa kaunta na kuandika hesabu kwenye duka la jumla Kariakoo, yaani nikishakaa asubuhi nainuka jioni. Mwezi wa tatu nilipata kizunguzungu nikiwa kazini, wenzangu wakanipeleka kupima, presha ikasoma 148 kwa 94, kesho yake nikarudi bila kula wakapima sukari ikawa 6.4. Daktari akasema bado sio kisukari ila nimeshaanza kuusogelea, dawa hakunipa, akaniambia nibadilishe ulaji na nitembee, nirudi baada ya miezi mitatu. Akasema pia niwe naandika kila ninachokula. Hakusema naandikaje, foleni ilikuwa ndefu na mimi nikaona aibu kuuliza.

Nikaanza na apu ya kwenye simu aliyonionyesha dada mmoja pale dukani. Shangazi ile kitu ilinitesa. Kwanza kisamvu haikijui, makande haiyajui, nikiandika chapati inaniletea chapati ya sijui wapi, afu inataka gramu, mi gramu za ugali nitazijulia wapi na tunakula sinia moja na wanangu? Ikanipangia kalori 1,200 kwa siku, nikizidisha namba inakuwa nyekundu. Ikafika hatua saa 7 mchana wenzangu wakiagiza chakula kwa mama ntilie mi nasema nimeshiba, kumbe naogopa ile nyekundu. Wiki tatu nikaifuta.

Nikanunua daftari. Hapo nilienda vizuri kama wiki mbili, mpaka wifi yangu anayesoma chuo, tunaishi naye, akalikuta sebuleni akaanza kulisoma kwa sauti, "saa 5 usiku wali uliobaki", watu wakacheka, mume wangu naye akasema siku hizi unakula kama unayedaiwa. Nilinyamaza ila iliniuma sana. Kuanzia hapo nikawa naandika uongo, naacha vingine. Jumamosi iliyopita tukaenda sendofu ya binti wa jirani, nikala pilau, kuku, mishkaki, keki, soda mbili, nikarudi nyumbani nikalichana lile daftari, nikalia. Kurasa tatu tu nilikuta zimebaki kwenye mkoba, naziandika hapa kama zilivyo:

Jumatatu. Saa 1 chai, chapati 1. Saa 4 chai. Mchana sikula. Saa 11 karanga. Saa 2 usiku ugali kidogo, dagaa, mchicha. Saa 5 usiku wali uliobaki.

Jumanne. Saa 1 chai, chapati 1. Saa 4 chai. Mchana sikula. Saa 10 soda. Saa 2 usiku wali kidogo, maharage. Saa 5 usiku mkate na siagi.

Jumatano. Saa 1 chai, mkate. Mchana wali maharage, mwenzangu alininunulia. Saa 2 usiku ugali kidogo, samaki. Nililala saa 4.

Mume wangu sijamwambia zile namba za hospitali, nilimwambia tu napunguza mwili. Mama yangu mzazi alifariki na kisukari, mguu ulikatwa kwanza, kwa hiyo shangazi naogopa kweli. Nianze tena kuandika au mi sio mtu wa hivi vitu?

Mama wawili, Tabata

Marahaba mwanangu, na pole kwa mama. Nimesoma ile habari ya mguu nikaweka simu pembeni kwanza. Nimekaa kliniki ya presha na kisukari kama nesi miaka 19, hiyo hofu uliyonayo naijua sura yake, na nataka nikutulize kwa kitu kimoja kabla ya vingine: 6.4 ni namba ya mtu aliyewahi. Kisukari chenyewe kwa kipimo cha asubuhi kabla ya kula kinahesabiwa kuanzia 7.0. Presha ndio imepita, mstari ni 140 kwa 90, ila sio ya kukimbizwa wodini. Una muda, na muda huo daktari wako ameupima, maana kipimo kinachoitwa HbA1c kinaonyesha sukari ilivyokwenda kwa kama miezi mitatu nyuma, ndio maana wengi wanaambiwa warudi baada ya muda kama huo. Ukirudi uliza kama watakupima hicho.

Sasa daftari. Anza tena, tena leo. Ila usianze kama ulivyokuwa unaandika, na nikuonyeshe kwa nini kwa kurasa zako hizo hizo tatu, maana umeniletea kitu cha thamani bila kujua.

Jumatatu mchana hukula, saa 5 usiku uko jikoni kwenye wali uliobaki. Jumanne mchana hukula, saa 5 usiku mkate na siagi. Jumatano mwenzako kakununulia wali maharage umekula vizuri, usiku ukala ugali na samaki saa 4 umelala zako. Umeiona? Siku uliyokula mchana sufuria la usiku hukulitafuta. Wewe ulikuwa unajiona huna msimamo usiku kumbe ni njaa ya saa 7 mchana inakuja kudai chake saa 5 usiku, nyumba imetulia hakuna anayekuona. Siku tatu ni chache kuzitolea hukumu, ndio maana nataka uandike wiki mbili nyingine tuone kama inajirudia, lakini mimi nimeona madaftari mengi na nakwambia hii nimekutana nayo zaidi ya kitu kingine chochote, hasa kwa kina mama wanaofanya kazi za kukaa. Kwa hiyo kabla ya yote, kuanzia kesho kula mchana. Maharage na wali wa mama ntilie hauna ubaya, mwambie apunguze wali aongeze maharage na mboga, wanakubali ukiwaomba vizuri, na ukimzoea hata hutamwambia tena.

Ile 1,200 iliyokupangia apu isahau. Kalori sio uongo, ila zinataka mizani, na mtu anayekula sinia moja na wanawe mizani ataiweka wapi. Vyakula vyetu vimeshapimwa, kuna jedwali la vyakula vya Tanzania lilitoka 2008, walifanya Muhimbili na Taasisi ya Chakula na Lishe pamoja na Harvard, wataalamu wa lishe wanalitumia, kwa hiyo ukikutana na afisa lishe pale kliniki muulize yeye, atakujibu habari ya kisamvu vizuri kuliko ile simu. Wewe kwa sasa tumia mkono wako. Ugali au wali usizidi ngumi yako iliyofungwa, samaki au nyama ukubwa wa kiganja bila vidole, mchicha na matembele jaza viganja viwili, na ukitaka kuongeza ongeza hapo kwenye majani. Sinia sio tatizo, chota ngumi yako weka upande wako wa sinia kabla hamjaanza, watoto hata hawataona.

Halafu kuna neno umeliandika kila siku, "kidogo". Ugali kidogo, wali kidogo. Mwanangu kidogo ni kiasi gani? Nililisoma hilo neno kliniki mpaka nikalizoea, na halina ubaya wa uongo, ni aibu tu inaandika. Wamarekani walishapima hili jambo, mwaka 1992 kwenye jarida la New England Journal of Medicine walichapisha habari ya watu waliokuwa wanalalamika wanakula kidogo na hawapungui, wakawapima kwa njia inayoonyesha mwili umetumia nguvu kiasi gani, wakakuta walichokuwa wanataja ni karibu nusu tu ya walichokula. Na hawakuwa waongo wale, walikuwa hawaoni. Kwa hiyo badala ya kidogo andika ngumi moja, ngumi mbili, na ikiwa tatu andika tatu. Hakuna wa kukuchapa.

Na chai. Umeandika chai, chai, chai, sukari vijiko vingapi? Hujaandika hata sehemu moja. Kama ni vitatu kila kikombe, vikombe viwili tu ni vijiko sita, gramu kama 24, na Shirika la Afya Duniani tangu 2015 linasema mtu mzima asizidi gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, ikishuka chini ya 25 ndio nzuri zaidi. Ile soda ya Jumanne saa 10, chupa ya mililita 350, peke yake inakuja kama vijiko tisa. Sikwambii uache chai leo. Andika vijiko wiki hii kama vilivyo, wiki ijayo toa kimoja, ulimi unazoea taratibu, mpe wiki kadhaa, mimi nilikuwa mtu wa vinne nikafika kimoja na sasa chai ya vitatu siwezi kuimaliza.

Kwa hiyo kwenye ukurasa weka saa, umekula nini, ngumi ngapi au vijiko vingapi, na mwisho wa mstari neno moja la ulivyokuwa unajisikia: njaa, uchovu, hasira, wageni, nimeonja jikoni. Hilo neno la mwisho ndilo linalofanya kazi. Baada ya wiki mbili kaa na daftari na kalamu nyekundu, zungushia kinachojirudia, chagua kimoja tu ubadilishe. Kimoja. Watu wanabadilisha vyote Jumatatu, Alhamisi wameacha vyote. Na uandike hapo hapo ukishakula, ukisubiri usiku unasahau zile karanga na ile mikate ya mtoto uliyomalizia. Ikiwa umebanwa na wateja piga picha sahani utaandika baadaye.

Na inasaidia kweli, sio maneno yangu tu. Mwaka 2008 Kaiser Permanente, shirika la huduma za afya la Marekani, walitoa matokeo ya watu karibu 1,700, wale walioandika siku sita au zaidi kwa wiki walipungua karibu mara mbili ya ambao hawakuandika kabisa. Ona hapo, siku sita. Hata hao waliofanya vizuri walikuwa na siku ya kupitiwa.

Ndio maana ile sendofu sitaki uililie. Ungeandika tu, Jumamosi, sendofu, pilau ngumi tatu, kuku, mishkaki, keki, soda mbili, furaha. Ni mstari mmoja kwenye ukurasa wenye mistari thelathini. Aliyelichana daftari pale sio mlaji wa pilau, ni mtu aliyekuwa ameshachoka kudanganya daftari lake mwenyewe wiki nzima kwa sababu wifi kalisoma mbele za watu. Hapo wifi amekosea na mwambie taratibu mkiwa wawili, bila ugomvi, kwamba lile daftari ni la hospitali na alivyofanya kulikuuma. Mtoto wa chuo anaelewa. Na kuanzia sasa daftari linakaa kwenye mkoba, nunua dogo lile la kuingia kwenye pochi.

Ila mumeo, mwanangu. Yeye anajua unapunguza mwili, hajui 148 kwa 94. Utani wake aliutoa kwa mke anayefanya dayati, hakuutoa kwa mke anayeogopa kukatwa mguu kama mama yake. Mwambie. Watoto wakishalala, usimhutubie, mpe kile kikaratasi cha kliniki akisome mwenyewe, halafu mwambie habari ya mama na hofu yako yote kama ulivyoniandikia mimi. Nimeona waume wengi wakibadilika hapo hapo, na wachache ambao hawakubadilika angalau waliacha kucheka. Na mwambie na yeye akapime, mnakula sufuria moja.

Maana hapa ndio kwenye jambo ambalo ningetaka kila mama wa nyumbani alijue, kwamba kama kuandika sahani yako peke yako ni kugumu, andika nyumba. Nyie mko watano. Siku mkifungua kilo ya sukari andika tarehe kwenye mfuko, ikiisha angalia. Imeisha siku nne? Basi ni gramu 50 kwa kila mtu kila siku, mpaka yule mdogo, na hapo soda na biskuti hazijahesabiwa. Chumvi vivyo hivyo, na hii ni kwa ajili ya presha yako hasa, mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, kwa hiyo pakiti ya nusu kilo kwa watu watano ikiisha kabla ya siku 20 mnazidisha, na vile viungo vya pakiti vya mchuzi navyo vina chumvi yake kwa hiyo ingefaa ikae zaidi ya hapo. Mafuta ndio huwa yanawashtua watu. Dumu la lita 5 likiisha wiki tatu, kila mtu hapo kwenu anakula kama mililita 48 kwa siku, vijiko vitatu vya chakula, karibu kalori 400 za mafuta matupu ambazo hakuna aliyeziona kwenye sahani. Ukilifikisha dumu wiki nne umempunguzia kila mmoja karibu kijiko kizima kwa siku na hakuna aliyeambiwa yuko dayati. Namna yake unaijua, acha kumimina kutoka kwenye dumu, pima kwa kijiko, na dagaa wengine wachome au wachemshe na nyanya badala ya kuwakaanga kila siku.

Nilikuwa na mama mmoja kliniki, mpishi wa shule, kuandika hakujui vizuri, alikuwa anachora. Alikuja na kipande cha kalenda amechora duara nyeusi kila siku aliyokula usiku sana, mwezi wa kwanza duara 22, mwezi wa tatu duara 6. Presha yake ilishuka na mimi nikakitunza kile kipande cha kalenda kwenye droo mpaka nastaafu. Kwa hiyo hiyo habari ya "mi sio mtu wa hivi vitu" sitaki kuisikia kwako, wewe ambaye kazi yako ni kuandika hesabu za watu kutwa nzima.

Mawili ya haraka. Uzito pima mara moja kwa wiki, asubuhi ile ile, ukipima kila siku maji tu ya mwilini yatakuvuruga. Na ukiona umerudi kwenye kule kukaa na njaa makusudi, au chakula kinakutia hofu mpaka unajificha, au unajitapisha, acha daftari mara moja na uende ukaongee na daktari, hiyo ni hali nyingine na ina matibabu yake. Vivyo hivyo wakikuanzishia dawa za sukari usiruke mlo kabisa, sukari inaweza kushuka ghafla ukaanguka.

Miezi mitatu tangu mwezi wa tatu inaishia karibuni, ukirudi kliniki nenda na daftari hata kama lina wiki mbili tu, mfungulie daktari ule ukurasa wenye alama nyekundu, utaona mazungumzo yatakavyokuwa mengine hata kama foleni ni ndefu. Kisha niandikie namba zako mpya, nzuri au mbaya nitazipokea.

Na leo jioni ukipita dukani chukua maka peni. Dumu la mafuta liko hapo jikoni, andika tarehe ubavuni kabla hujapika.